Usitupe Mbachao: Hoja Juu ya Mbao za Safari, Korogwe na Handeni

Wahenga wamekataza kutupa mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka mkuukuu, umefumuka pembeni na rangi yake imefifia, lakini umo nyumbani na mwenyewe ameuzoea; msala ni mzuri, ila unapita na aliyeushika. Hapana aliyelelewa pwani asiyeijua methali hii, na hapana siku inayokuchwa bila ya kuvunjwa, hasa katika mambo ya mitambo, ambako neno "kuukuu" limekwisha kufanywa ndugu wa neno "bovu". Makala haya yanautetea mbachao mmoja: ubao wa safari wa kizamani, ule unaobadilisha maneno yake kwa mashine na kwa mlio, ambao nchi nyingi zimeushusha ukutani na kuutupa, na ambao mafundi wapenda kujifunza sasa wanaufufua kwa vifaa vya elektroniki vya bei ndogo. Yanautetea kwa ajili ya miji miwili isiyotajwa sana panapozungumzwa mambo ya mitambo: Korogwe na Handeni.

Mtazame kwanza, msomaji, mama mmoja aliyefika stendi ya Korogwe asubuhi. Mkononi ana kikapu, mgongoni ana mtoto, naye anakwenda Handeni. Safari yenyewe si ndefu, ni kilomita 65 za lami. Kirefu ni kungoja. Mpiga debe wa kwanza anamwambia gari liko tayari, imebaki nafasi moja tu. Anapanda, anakuta nafasi ni kumi na moja. Mpiga debe wa pili anaapa kwamba lile la nyuma ndilo litakalotoka mwanzo. Anashuka, anapanda lile, na lile la kwanza linaondoka mbele ya macho yake. Saa mbili inakuwa saa nne. Kila neno aliloambiwa lilikuwa neno la mdomo, likasemwa na kupeperuka, na sasa hana wa kumshika. Hapakuwa na mahali palipoandikwa, mbele ya watu wote, kwamba gari la Handeni linaondoka saa fulani. Na kwa kuwa hapakuandikwa, hapana aliyesema uongo.

Hapa ndipo penye kidonda. Stendi nyingi zina magari ya kutosha, zina vibanda, zina vyoo vya kulipia, zina hata spika za kupigia muziki. Zisichokuwa nacho ni neno la hadhara: neno lililowekwa juu, kila mtu akaliona kwa wakati mmoja, na ambalo likibadilishwa kila mtu akajua kuwa limebadilishwa.

Ulimwengu uliwahi kuwa na chombo kilichoifanya kazi hiyo kwa adabu kubwa. Kampuni ya Solari ilianza mwaka 1725 katika kijiji cha Pesariis, kaskazini mwa Italia, ikitengeneza saa za minara. Zaidi ya karne mbili baadaye, ikiwa katika mji wa Udine, ilitundika ubao wake mkubwa wa kwanza katika stesheni ya Liège, Ubelgiji, mwaka 1956. Ubao wa namna hii umegawanywa vyumba vidogo vidogo. Ndani ya kila chumba mna gurudumu lililopangwa vibati vyembamba, mfano wa kurasa za kitabu kilichokunjwa mviringo. Kila kibati upande mmoja kimeandikwa nusu ya juu ya herufi, na upande wa pili nusu ya chini ya herufi inayofuata. Mota inapozungusha gurudumu, vibati vinaanguka kimoja baada ya kimoja mpaka itokee herufi inayotakiwa. Mlio wake ni kama mvua inayoanza juu ya paa la bati, na ukisikika, stesheni nzima huinua macho.

Ubao huo una nduguye. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Ferranti-Packard ya Kanada ilileta ubao wa visahani. Badala ya vibati, una mamia ya visahani vidogo, kila kimoja cheusi upande mmoja na cha njano upande wa pili, na ndani yake mna kipande cha sumaku. Umeme ukipita kwa nukta moja katika waya uliozungushwa nyuma yake, kisahani kinageuka. Umeme ukikatwa, kinabaki vilevile kilivyo. Mabasi ya miji mingi ya Ulaya na Marekani yalibeba visahani hivi juu ya kioo cha mbele kwa miongo kadhaa.

Kisha ukaja wakati wa kushushwa. Skrini zilipopungua bei, stesheni na viwanja vya ndege vikaanza kuzing'oa mbao hizi. Ule wa stesheni kuu ya Philadelphia, Marekani, uliondolewa Januari 2019 baada ya wakaazi wa mji kuulilia, ukapelekwa katika makumbusho ya reli ya jimbo hilohilo la Pennsylvania. Nyingi nyingine hazikupata hata heshima hiyo, zilikwenda jaani. Na ukiuliza zilikufa kwa maradhi gani, utakuta aghalabu mota zilikuwa zikizunguka na vibati vilikuwa vikianguka kama siku ya kwanza. Kilichokwisha ni kompyuta ya nyuma, ile iliyokuwa ikiuambia ubao useme nini: vipuri vyake havitengenezwi tena, na wanaoijua lugha yake wamestaafu. Mwili ulikuwa mzima. Ulizikwa kwa sababu ubongo ulizimika.

Ndipo walipoingia wale wapenda ufundi. Mwaka 2005, katika mji wa Ivrea, katika Italia hiyohiyo, ilizaliwa Arduino, bodi ndogo ya elektroniki isiyozidi kiganja cha mkono, iliyokusudiwa wanafunzi na wasanii wasio wahandisi. Baadaye zikafuata bodi za namna ya ESP32, iliyotoka mwaka 2016, ambazo hupatikana kwa chini ya dola 10 na zinajua kupokea habari kwa mawimbi ya intaneti isiyo na waya. Fundi huufungua ubao nyuma, akafuata nyaya moja moja, akasikiliza ni ishara gani zilikuwa zikipita kati ya kompyuta ya zamani na vyumba. Akizielewa, huiga, asipozielewa, huziweka kando na kuiendesha mota moja kwa moja. Kila gurudumu huwekwa sumaku ndogo na kihisio cha kuitambua. Sumaku ikipita, bodi inajua gurudumu liko mwanzo, na kutoka hapo huhesabu hatua mpaka herufi itakiwayo. Kwa kazi hiyo, inayofanyika mezani kwa chuma cha kulehemu, bisibisi na subira, ubao uliohukumiwa kufa husema tena. Umebaki na mwili wake wa zamani, akili tu ndiyo mpya.

Huyu basi ndiye mbachao. Na maneno yanayosemwa dhidi yake, kila anapotajwa kuwa angefaa stendi ya Korogwe au ya Handeni, ni matatu. Yafaa yajibiwe moja moja.

La kwanza husemwa na mwenye mizani: "Hicho ni chuma chakavu." Kwake yeye kila kitu kina bei moja, bei ya kilo. Nchi inamjua vizuri. Alama za barabarani zimeng'olewa usiku kwa ajili yake, na vyuma vya reli vimefunguliwa ili apate cha kupima. Lakini Korogwe, kuliko miji mingi, haina haki ya kumsikiliza. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Ilibeba mkonge, kahawa na watu, kisha treni za abiria zikanyamaza, nyasi zikaota katikati ya mataruma, na wenye mizani wakaitazama kwa jicho la kilo. Watoto wakazaliwa, wakakua, wakaoa, hawajapata kuona treni ya abiria ikipita. Desemba 2019, baada ya kimya cha miaka zaidi ya 20, treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilipita tena kwenda Moshi, na Korogwe ikatoka kuitazama. Haikupita juu ya reli mpya. Ilipita katika njia ileile ya zamani, iliyotengenezwa na mafundi. Lau kauli ya chuma chakavu ingeshinda, siku hiyo pasingekuwa na njia ya kupitia.

Na iko Hale, katika wilaya hiyohiyo ya Korogwe. Katika jani la mkonge, singa ni asilimia chache tu. Lililobaki lilikuwa likitupwa tangu zama za Wajerumani, likioza na kunuka kando ya viwanda. Katika miaka ya 2000 ulijengwa Hale mtambo wa kuyageuza mabaki hayo kuwa gesi, na gesi kuwa umeme. Kilichodharauliwa kwa karne nzima kikawasha taa. Mtu aliyeliona hilo, kisha akasema kwamba kitu kikishatupwa kimekwisha thamani, hataki kufikiri.

Neno la pili linasemwa na mwenye duka: "Skrini ni rahisi." Ni kweli. Runinga bapa ni rahisi kununua, huletwa kwa bodaboda, huwashwa jioni hiyohiyo. Lakini na itazamwe mahali inapopelekwa. Stendi ya Handeni iko wazi kwa jua. Saa sita mchana, skrini iliyong'aa dukani huwa kioo cheusi kinachomwonyesha msafiri uso wake mwenyewe. Ubao wa vibati au wa visahani hauna taa ya kushindana na jua. Unasomwa kwa mwanga uleule unaosomea ukurasa wa kitabu, na kadiri jua linavyowaka ndivyo unavyosomeka. Zipo mbao za taa za LED zinazolikabili jua, lakini hizo zinakula umeme kila dakika zinapokuwa na neno la kusema.

Na umeme ndio swali lenyewe. Wilaya ya Korogwe inao mto Pangani, na pale Hale kimekuwako tangu mwaka 1964 kituo cha umeme wa maji cha megawati 21. Na hata hivyo hakuna mkaazi wa miji hii miwili asiyejua giza la ghafla. Umeme ukikatika, skrini husahau kila kitu. Mbao hizi zilizohukumiwa kufa hazisahau. Ubao wa vibati unatumia nguvu wakati wa kugeuka tu, na ule wa visahani kwa nukta moja tu. Neno lililoandikwa kabla ya giza litakuwapo baada ya giza. Paneli ndogo ya sola na betri moja zinatosha kuulisha siku nzima, kwa sababu sehemu kubwa ya siku haufanyi kazi yoyote ila kukumbuka. Walioutupa huko ulikotupwa walikuwa na umeme usiokatika, kwa hiyo hawakupoteza kitu walipoutupa. Mahali umeme unapokatika ndipo ubao huu unapopata maana yake kamili, na ndipo usipopelekwa.

Lakini hoja kubwa kuliko jua na umeme ni mlio. Skrini hubadilika kimya. Saa mbili inaweza kugeuka saa nne wakati mama yule amemwinamia mtoto, naye akiinua kichwa ataona saa nne kana kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu alfajiri. Tena skrini haina uvumilivu: leo inaonyesha saa za magari, kesho inaonyesha mpira, keshokutwa tangazo la sabuni, na gari la Handeni limepotea katikati ya povu. Ubao wa vibati hauwezi kubadilika kwa siri. Ukibadilisha kauli, unapiga kelele. Wote wanasikia, wote wanatazama, na anayebadilisha anajua kwamba wametazama. Ataweza kudanganya, kwani hapana chombo kisichoweza kutumiwa kudanganya; lakini atadanganya hadharani, kwa mlio, mbele ya mashahidi mia. Mpiga debe asidhani kwamba anafukuzwa. Wapo wasiojua kusoma na wapo wasioona, na sauti yake itahitajika. Ila siku hiyo sauti yake itakuwa na kipimo juu ya kichwa chake.

Neno la tatu linasemwa na msomi, tena kwa tabasamu: "Huo ni mchezo wa Wazungu wenye nafasi." Kwamba waliouanza wana nafasi, na wengine wao wanautundika ubao sebuleni usome hali ya hewa, si uongo. Lakini ufundi wenyewe si mgeni kwa hawa wanaoambiwa ni mgeni kwao. Nani amesahau fundi redio wa miaka ya 1970 na 1980, wakati vipuri havikupatikana madukani, aliyeifufua redio moja kwa viungo vya redio tatu zilizokufa? Nani hajamwona, hadi leo, fundi simu aliyekaa nyuma ya meza ya mbao isiyo na ukubwa wa sahani ya pilau, akilehemu kitu chembamba kuliko punje ya mchele? Huyo akipewa ubao wa visahani na bodi ya Arduino, hatauliza ni mchezo wa nani. Atauliza waya huu unakwenda wapi. Handeni kina Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, na Korogwe kina Chuo cha Ualimu; vijana wa kuufungua ubao na kuufundisha wapo, na kwa kijana anayejifunza, saketi inayogeuza kitu kinachoonekana na kusikika ina faida kuliko saketi kumi zilizochorwa ubaoni kwa chaki.

Isidhaniwe pia kwamba ni aibu ubao kutoka ng'ambo ukiwa umetumika. Nguo zinatoka huko, injini zinatoka huko, na mabasi madogo yanayokwenda vijijini bado yana maandishi ya Kijapani ubavuni, yakitangaza shule za chekechea na hoteli ambazo hakuna abiria atakayezifikia. Mitumba ya kila namna imepokewa bila swali. Ni ajabu basi kwamba aibu inaanza pale tu linapotajwa tumba lenye kukumbuka neno wakati wa giza.

Baada ya hayo matatu, inabaki hoja ambayo wapinzani hawakuigusa kwa kuwa hawakuifikiria, nayo ni ya lugha. Wapenzi wa Kiswahili wamezoea kusikia kwamba mitambo haikutengenezwa kwa ajili yao. Safari hii mtambo umewafaa kuliko ulivyowafaa baadhi ya waliouvumbua. Mjerumani alihitaji vibati vya ziada kwa herufi zake zenye nukta mbili, Mfaransa kwa herufi zake zenye mikwaju. Kiswahili kinaandikwa kwa herufi za kawaida za Kirumi, bila nukta juu wala mkia chini, na tena hakitumii Q wala X. Ubao wowote wa herufi uliotoka Udine unaweza kusema Kiswahili bila ya kufundishwa matamshi mapya, na vibati viwili vinabaki bila kazi.

Kimoja kati ya hivyo viwili kina kazi ya kufanya, na hapa ndipo mwenye kujua lugha anapohitajika kuliko mwenye kujua umeme. Ubao mwingi wa kizamani hauna ritifaa. Asiyejali ataandika "ngombe" na kujiona ameandika ng'ombe. Lakini bila alama hiyo ndogo, mtu aliyeambiwa ang'oe ataambiwa habari za ngoa, na baina ya kung'oa na kulia ngoa pana umbali ambao washairi wa pwani wamekula chumvi nyingi kuupima. Kibati cha Q basi na kifutwe, kichorwe ritifaa. Ni kazi ya dakika kumi ya mchora mabango wa mtaani, na bila hiyo chombo kizima kitakuwa kimefufuliwa kikiwa na kigugumizi.

Mchora mabango huyo ana kazi kubwa kuliko hiyo. Mbao nyingi za reli za Ulaya hazikuwa za herufi moja moja. Kibati kimoja kilibeba jina zima la mji. Ubao wa namna hiyo ukifika Korogwe utakuwa umejaa majina ya miji isiyokuwa na njia ya kufikika kutoka hapo. Kuufufua ni kuyapaka rangi majina hayo na kuandika upya, kwa brashi, nusu juu na nusu chini: Lushoto, Kilindi, Muheza, Segera. Watu wanaoandika vibao vya maduka na methali za nyuma ya magari wana mkono huo tayari. Bodi ya elektroniki haiwezi kuwafanyia.

Na kwa ule wa herufi, hesabu inapendeza. Handeni ina herufi saba. Korogwe ina herufi saba. Lushoto saba, Kilindi saba. Muheza na Segera sita sita. Mombo, Mkata, Songe na Tanga tano tano. Vyumba saba vinatosha kulitaja karibu eneo zima. Ukiongeza chumba kimoja cha nafasi, vitano vya saa, na kimoja cha mwisho cha herufi moja, A ya asubuhi, M ya mchana, J ya jioni au U ya usiku, safu nzima ni vyumba 14.

Herufi hiyo ya mwisho si pambo. Mbao hizi zilitengenezwa kuhesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa desturi ya waliozitengeneza. Kompyuta zao za zamani hazikujua desturi nyingine, wala hazikuwa na wa kuziuliza. Sasa kompyuta hizo zimekufa, na kufa kwao ni nafasi. Programu mpya inaandikwa na anayeishika, naye akiwa mtu wa Korogwe anaweza kuuambia ubao kwamba siku huanza jua linapochomoza, na kwamba gari linalotoka saa mbili baada ya hapo linatoka saa 2 asubuhi. Skrini inayonunuliwa ikiwa imefungwa ndani ya boksi na programu yake huja na saa ya mwenye boksi. Abiria wangapi wamekosa gari kwa sababu tiketi ilisema 08.00 na vichwa vyao vikasema saa 2, hapana aliyewahesabu. Lakini kila stendi ina kisa chake.

Ubao wa safu nne za vyumba 14 utataja magari manne kwa pamoja. Lakini stendi haina magari kila dakika. Kuna saa za mchana mwenge ambapo wachuuzi husinzia na ubao hauna la kusema. Kipande cha mshororo wa shairi kina mizani 8, na silabi ya Kiswahili aghalabu ni herufi mbili au tatu. Pamoja na nafasi baina ya maneno, kipande hukaa katika safu mbili bila kubanwa. Safu nne basi ni ukwapi na utao, mshororo mzima wa mizani 16. Ubao ukigeuka mara nne, ubeti umetimia. Mkoa huu umemzaa Shaaban Robert, mwaka 1909, kijijini Vibambani. Wana wake wa kishairi wapo, na wengi wao hawajapata kuchapishwa. Malenga wa Handeni akiusikia ubeti wake ukianguka kibati kwa kibati juu ya watu wanaongoja, na watu hao wakainua macho kuusoma, atakuwa amepata wasomaji ambao hakuna jarida lililompa.

Haki inadai yasemwe pia yanayouelemea upande huu. Vumbi ni adui wa vibati, na Handeni wakati wa kiangazi haikunyimwa vumbi. Ubao utahitaji kioo mbele na mtu wa kuufungua na kuupangusa kila baada ya muda. Mota hufa. Yule mwenye mizani ya chuma chakavu atapita usiku, kwa hiyo utahitaji mlinzi au urefu. Na wafufuaji wenyewe wana dhambi yao: wengi wakishaufanya ubao ugeuke, huuandika jina la mtoto wao, wakaupiga picha, wakauacha. Ubao uliofufuliwa kisha ukakosa la kusema umerudishwa kaburini ukiwa macho. Hata makumbusho, pamoja na heshima yake, yakiuweka nyuma ya kamba bila abiria mbele yake, yamehifadhi vibati na kuipoteza kazi. Anayetaka kuufufua ubao na aanze kwa kuuliza nani anangoja chini yake.

Chini yake anangoja mama yule. Kinachodaiwa kwa ajili yake si kikubwa. Ni ubao mmoja Korogwe na mwingine Handeni, uliokombolewa katika jaa la ng'ambo na kutengenezwa na vijana wa hapohapo. Kila mmoja una bodi moja ya bei ndogo na paneli moja ya sola, na baina yao ni ujumbe wa simu. Gari likitoka Korogwe, karani wa stendi abonyeze kitufe kimoja, na kilomita 65 kutoka hapo vibati vya Handeni vianguke na kutaja saa iliyotoka. Anayempokea mgeni ajue. Dereva aliyeaga saa 2 akafika saa 6 aulizwe alikuwa wapi. Wenye stendi hutoza kila gari linaloingia na kila gari linalotoka, na risiti hutolewa; basi na hii iwe risiti ya abiria, imetundikwa juu ambapo hakuna atakayeikunja na kuitia mfukoni.

Wakisema hakuna fedha, waulizwe skrini zilizonunuliwa zikaungua zilikuwa ngapi. Wakisema hakuna fundi, waelekezwe kwenye meza ya fundi simu. Wakisema hicho ni kikuukuu, wakumbushwe treni ya Desemba 2019, na walivyotoka wenyewe kuitazama. Na wakisema wananchi wamekwisha kuzoea kungojea neno la mdomo, basi hapo watakuwa wamesema kweli waliyokuwa wakiificha tangu mwanzo: kwamba wanaopendezwa na neno lisiloandikwa ni wale lisiowabana.